Lala

Jina langu liliwadanganya kwanza.
Namkunda: wakasikia ile Na ya mabinti wa Buganda,
wakauliza, wewe wa ukoo gani,
wa tumbili, wa mbogo, wa uyoga?
Nikajibu, wa Usangi, milima ya Upare,
ng'ambo ya Mutukula.
Aa, Mtanzania, wakasema,
na mazungumzo yakapungua sukari.

Cheti changu kilikaa Kampala miezi saba
kikingoja mhuri juu ya mhuri.
Miezi hiyo, katika zahanati moja ya Nyendo,
mimi niliyepokea watoto mia tatu kwa mikono hii
nilipiga deki,
nikachemsha mikasi ya wenzangu,
nikamtazama binti wa miaka ishirini akitafuta mshipa
mahali usipokuwepo.
Nilinyamaza. Ufagio hauulizwi maoni.

Kasagga alikuja na jicho lililokula cheche,
fundi wa mageti, miwani ya kazi ikining'inia shingoni.
Daktari alikuwa ametoka. Nilimsafisha mimi.
Alipofumbua, mtu wa kwanza kumwona ni mimi,
tena kwa ukungu.
Hadi leo hudai hakuniona vizuri,
ndiyo maana alioa.

Magoti nilifundishwa na mama yake.
Ukisalimia wakwe unashuka mpaka mkekani.
Yaligoma, haya magoti ya kupanda milima,
mpaka nilipokumbuka kuwa kazini nashuka vivyo hivyo
mbele ya mguu uliovimba, na hakuna anayeniamuru.
Makande yangu ya Jumapili wanayaita chakula cha bweni.
Sufuria hurudi tupu.

Mhuri ulipofika nikapewa wodi ya wanawake, Masaka,
zamu ya usiku.
Ndipo akaletwa Jjajja Nakiyingi, nyonga imevunjika,
mwepesi kama kapu la majani ya chai.
Kiganda changu kilikuwa cha kuokoteza,
na saa nane za usiku kikaniishia mdomoni.
Nikashika lugha iliyokuwa karibu.
Kwa upole, naapa, kwa upole nikamwambia:
Lala, bibi. Lala chini.

Mikono yake ikaruka kichwani.
Na nyonga ile ile iliyovunjika
akataka kujipindua kifudifudi.

Alfajiri binti yake alinieleza, koridoni,
huku akikunja na kukunjua khanga.
Kiswahili alikisikia mwaka wa vita,
kwenye kizuizi, barabara ya Mbarara.
Lala chini.
Mumewe alilala.
Binti hakuendelea, nami sikuuliza.

Niliivua lugha yangu kama glavu zenye damu,
nikakosa pa kuitupa.

Kesho yake nilimwogesha kimya.
Kisha, sijui nilipata wapi ujasiri,
nikanyoosha kidole. Sabuni, nikasema.
Alikawia. Sabbuuni.
Kitanda. Ekitanda.
Dirisha. Eddirisa.
Saa ya ukutani, iliyosimama tangu sijafika: essaawa.
Akanitazama kama mtu aliyekuta kijiko cha jirani
katika kabati lake mwenyewe
na hakumbuki alikiazima lini.
Hakutabasamu.
Alisema tu, kwa Kiganda, maji yamepoa, ongeza ya moto,
na nilielewa kila neno.

Wiki sita baadaye aliondoka kwa magongo.
Hakuniaga. Alimwaga mlinzi, akamwaga mfagiaji,
akapita mbele ya meza yangu
akiitazama saa.

Nyumbani, Nabukenya ana miaka miwili na ukaidi wa minne.
Usingizi ukimkimbia baba yake humwambia weebake,
bibi yake humwimbia,
na mimi nina neno lile lile moja, sina jingine.
Nalisema polepole, taa ikiwaka,
na kabla sijalisema
natazama kwanza mikono yake iko wapi.